Tunaitwa wadau, lakini kila kitu kimeshaamuliwa: jibu kwa katibu wa kikundi, Bagamoyo

Swali: "Mtaalamu, salamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake, Kata ya Dunda, Bagamoyo. Tuko 18, wengine mama lishe, wengine wacheza ngoma. Kila mwaka kuna tamasha la utalii la siku tatu ufukweni, na kila mwaka tunaitwa kikao cha wadau. Tunakunywa soda, tunasaini, tunapewa nauli. Siku yenyewe tunakuta vibanda vyetu viko nyuma ya vyoo, madafu yamepigwa marufuku, na ngoma yetu inalipwa baada ya wiki tatu, tena pungufu. Nikisema tudai haki, wenzangu wananiambia hayo ni ya wakubwa, sisi kazi yetu kupika. Je, tususie? Na kama si kususia, tufanyeje?"

Jibu:

Dada katibu, kikao mnachoitwa sicho kinachoamua tamasha. Maamuzi ya tamasha la siku tatu lenye mdhamini hufungwa kwa hatua. Kwa kawaida tarehe hupangwa miezi minane hadi kumi kabla, kwa sababu mdhamini ana bajeti ya mwaka na wageni wa nje hukata tiketi mapema. Bajeti na mkataba wa udhamini hukamilika miezi mitano au sita kabla. Ramani ya uwanja, yaani jukwaa likae wapi, geti liwe wapi na vibanda vielekee wapi, huchorwa kama miezi miwili kabla, maana mwenye mahema na mwenye jenereta wanataka vipimo. Kikao cha wadau huja wiki tatu au nne kabla. Soda inapofunguliwa, kilichobaki wazi ni njia ya maandamano ya ufunguzi na nani atasoma dua. Ndiyo maana mnasikilizwa kwa heshima na hakibadiliki kitu. Hata mwenyekiti wa kikao angetaka kuwapa mnachoomba, siku hiyo hana tena cha kutoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua nani ameshika nini, na anakishika mpaka lini.

Nianze na madafu, kwa sababu hapo ndipo nguvu inapojificha vizuri zaidi. Watu wengi hudhani marufuku ile imetoka halmashauri au polisi. Mara nyingi hutoka kwenye sentensi moja ya mkataba kati ya mwandaaji na mdhamini wa vinywaji: kifungu cha upekee, kinachosema ndani ya eneo la tamasha hakitauzwa kinywaji kingine. Mwandaaji hukisaini bila kufikiria dafu. Yeye anafikiria soda ya kampuni pinzani. Kisha mlinzi wa geti, ambaye hajaona mkataba wowote, anaambiwa "vinywaji vya nje marufuku", na mwenye mkokoteni wa madafu anarudishwa. Mdhamini mwenyewe huenda hana habari. Dawa yake ni maneno machache yanayoongezwa kabla mkataba haujasainiwa: "isipokuwa vinywaji vya asili visivyofungashwa kiwandani, yaani madafu, juisi ya ukwaju, ubuyu, miwa, togwa na kahawa". Hapo mdhamini hapotezi kitu, na mgeni aliyefunga safari ya karibu kilomita 70 kutoka Dar es Salaam amekuja pwani kunywa dafu. Ombeni pia mwone jinsi "eneo la tamasha" lilivyoelezwa. Likiandikwa kwa upana, linaweza kumeza barabara ya nje ambako wenzenu huuza siku zote, na mtu akajikuta anafukuzwa mbele ya nyumba yake.

Baada ya mdhamini yuko wakala wa matukio, mara nyingi wa Dar es Salaam. Ameshika namba za simu za wasanii, bei za jukwaa na spika, na zaidi ya yote bajeti kamili, ambayo hakuna mwingine aliyeiona yote. Msimwombe bajeti nzima, atakataa na mtaonekana wagomvi. Ombeni mistari miwili: fungu la burudani ya wenyeji ni kiasi gani, na mapato ya ada za vibanda yamepangwa kuwa kiasi gani. Mistari hiyo inawahusu moja kwa moja, na ni vigumu kukataa kuionyesha mbele ya mfadhili.

Mfadhili, awe ubalozi, shirika au mradi wa serikali, ameshika pesa za mwanzo, lakini naye anadaiwa ripoti. Ndani yake mna kipengele cha ushirikishwaji wa jamii, na uthibitisho unaoambatishwa ni karatasi ya mahudhurio mliyosaini. Hapa mna mali ambayo hamjaihesabu: sahihi zenu 18 zina thamani kwa mtu fulani. Msiziache hovyo. Kabla ya kusaini someni kichwa cha karatasi. Kama juu hakuna agenda wala tarehe, andikeni kwa mkono "kuhudhuria tu, kikao cha taarifa", kisha saini. Karatasi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa baadaye mbele ya maneno "wadau wameridhia".

Upande wa serikali watu huchanganya milango, na barua nzuri hufia kwenye ofisi isiyo yake. Mkuu wa Wilaya anaongoza kamati ya ulinzi na usalama. Kwake haupelekwi mjadala wa ada ya kibanda. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ndiye mwenye wataalamu mnaowahitaji: afisa utamaduni, afisa biashara, afisa afya, afisa maendeleo ya jamii. Ushuru unatoka kwenye sheria ndogo zilizopitishwa na baraza la madiwani, hivyo ukitaka upunguzwe au uondolewe kwa wauzaji wadogo, mlango ni diwani wenu, tena mapema, kwa sababu baraza lina ratiba yake. Polisi wa wilaya wanahusika na usalama na saa za kufunga muziki. Na kama jukwaa litakuwa karibu na Ngome Kongwe, Caravan Serai au magofu ya Kaole, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaingia, na msimamizi wa eneo ana kauli kuhusu nini kisimikwe au kupigiliwa kwenye kuta za mawe ya matumbawe. Huyu ni mshirika mzuri ambaye wengi humsahau, kwani anaweza kusogeza ramani nzima kwa barua moja.

Kuna nguvu nyingine inayopita kimyakimya: risiti. Fedha za serikali na za wafadhili hutaka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi ya kielektroniki. Hoteli kubwa inayo mashine, ninyi hamna. Kwa hiyo chakula cha wageni rasmi, cha wasanii na cha walinzi, ambacho ndicho chenye malipo ya uhakika, kinakwenda hotelini bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Msipigane na hilo kwa maneno. Kama mnunuzi ni halmashauri au taasisi ya umma, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii, chenye akaunti ya benki na namba ya mlipakodi, kinaweza kuingizwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na kuomba kazi hizo. Kama mnunuzi ni wakala binafsi, ingieni kama mkandarasi mdogo wa hoteli. Hoteli itoe risiti, ninyi mpike sahani 60 za wasanii kwa bei iliyoandikwa. Faida itakuwa ndogo kuliko kuuza kibandani, lakini ni pesa isiyotegemea mvua wala eneo la kibanda.

Na wavuvi? Wamesahaulika kabisa, ilhali ufukwe ni wao kwa vitendo. Bamvua ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3 katika pwani hii, na saa ya maji kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku. Mwandaaji anayepima uwanja wakati wa maji kupwa huchora jukwaa mahali ambapo jioni ya tamasha pana maji magotini, au huziba njia ya kupandisha vyombo na kupeleka samaki mnadani. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, BMU, kipo kisheria, na neno lake kuhusu ufukwe lina uzito ambao ninyi peke yenu hamna. Waendeeni.

Sasa niweke jina kwenye hali yenu. Mwaka 1997 watafiti Mitchell, Agle na Wood waliwapima wadau kwa sifa tatu: nguvu, uhalali na uharaka. Ninyi mna uhalali, kwa kuwa ni wenyeji na utamaduni unaotangazwa ni wenu. Mna uharaka, kwa kuwa siku tatu zile ni sehemu kubwa ya kipato cha msimu. Mnakosa nguvu. Mdau wa namna hiyo wao humwita tegemezi: husikika pale tu anaposimama na aliye na nguvu. Kwa Bagamoyo huyo anaweza kuwa mfadhili, msimamizi wa mambo ya kale, diwani au BMU. Kuchagua yupi na kwa jambo lipi ndiyo kazi yenyewe. Watafiti wa Sweden, Larson na Wikström, mwaka 2001 walilieleza tukio kama uwanja wa siasa ulio pia soko: watu huingia na kutoka, hupimana, huungana leo na kuachana kesho. Hilo ni faraja kwenu, maana mpangilio wa mwaka jana haujachongwa kwenye jiwe.

Kuhusu wenzako wanaosema "hayo ni ya wakubwa", usiwakasirikie. Steven Lukes, aliyeandika mwaka 1974 kuhusu sura tatu za mamlaka, aliona kwamba nguvu iliyokomaa haihitaji kumkataza mtu. Humfanya asiwaze kuomba. Kauli hiyo haivunjwi kwa hotuba. Inavunjwa kwa hesabu, kwa hiyo kaeni mkekani mwifanye pamoja.

Tuseme sahani ya wali na samaki mnauza shilingi 5,000. Samaki, mchele, nazi, mafuta, mkaa na usafiri vinakula 3,500. Inabaki 1,500. Ada ya kibanda kwa siku tatu ni 150,000: hizo ni sahani 100 za kulipia nafasi tu. Wasaidizi wawili kwa 15,000 kila mmoja kwa siku, siku tatu, ni 90,000: sahani nyingine 60. Yaani mpaka sahani ya 160, wastani wa 53 na kitu kila siku, mama hajaingiza shilingi. Nyuma ya vyoo, ambako mgeni hapiti akiwa na njaa, huenda hafiki hapo, na atarudi nyumbani na deni la samaki. Sasa wekeni kibanda kilekile kando ya njia ya kutoka getini kwenda jukwaani, auze sahani 90 kwa siku. Jumla 270, faida 165,000. Kilichobadilika ni mita chache za mchanga. Mkishaiona hesabu hiyo kwa namba zenu wenyewe, hakuna atakayesema ramani ya uwanja si ya wapishi.

Kabla ya kwenda nje, safisheni ndani. Jambo hili vikundi hulikwepa na ndilo huwaua. Kama mwenyekiti na wadogo zake ndio wanaopata vibanda vizuri kila mwaka, mwandaaji hahitaji kuwagawa, mmeshagawanyika. Wekeni kura ya vikaratasi kwa nafasi za vibanda, iandikwe kwenye muhtasari. Amueni pia kwamba hakuna kiongozi anayekubali jambo lolote la malipo peke yake. Wanakwenda wawili, wanarudi na majibu, kikundi kinaamua. Njia rahisi ya kumaliza madai ya watu 18 ni kumpa mmoja kiti kwenye kamati, beji na posho. Sherry Arnstein wa Marekani, aliyepanga ushiriki wa wananchi kwenye ngazi yenye vidato 8 mwaka 1969, anaiweka hali hiyo kidato cha tano: kutulizwa. Kikao chenu cha soda, kwa huruma, ni cha nne. Mnachotafuta ni cha sita, ubia, ambako mambo fulani yanaamuliwa kwa pamoja na yameandikwa ni yapi.

Kisha andikeni barua, ukurasa mmoja, miezi saba kabla. Iende kwa mwandaaji, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji na afisa utamaduni wake, nakala kwa mfadhili, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Ipigwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Madai yawe matatu tu, kila moja lipimike kwa macho au kwa futi kamba. Kwa mfano: vibanda 10 vya mita 3 kwa 3 vya wauzaji wa kata, visizidi mita 30 kutoka njia kuu na visipungue mita 30 kutoka vyooni, vinywaji vya asili viruhusiwe kwenye mkataba wa udhamini, vikundi vya ngoma vilipwe nusu wakati wa kusaini na nusu kabla ya kupanda jukwaani. Mita hizo ni pendekezo la kubishania, msiziite sheria. Barua inayosema "tunaomba tushirikishwe ipasavyo" hujibiwa "tumewashirikisha", na inakuwa imekwisha.

Barua hiyo isiwe yenu peke yenu. Isainiwe na BMU, na kikundi kingine cha ngoma, na chama cha bodaboda au bajaji, na waongoza watalii wa mji mkongwe. Kila mmoja awe na dai lake ndani yake: wavuvi njia yao, bodaboda kituo karibu na geti, waongoza watalii matembezi yaandikwe kwenye ratiba rasmi. Muungano ambao dai lote ni la mama lishe huvunjika wiki ya pili. Na kubalianeni bei ya chini ya ngoma kabla ya mtu kupigiwa simu, kwa sababu wakala akikataliwa na ninyi humpigia jirani, na jirani akikubali kwa nusu, wote mmeshuka mpaka mwakani.

Kuhusu malipo ya ngoma, kosa la mwaka jana liko kwenye mpangilio. Ngoma ikishalia, hamna kilichobaki mkononi cha kuzuia. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: majina ya watu 12 wanaopanda, dakika za onyesho, mara ngapi, nani analipa usafiri na chakula, kodi ya zuio inakatwa au tayari iko ndani ya kiasi mlichokubaliana, na tarehe za malipo mawili. Swali la kodi ndilo chanzo cha kawaida cha "pungufu": mmekubaliana kiasi fulani, mwenzenu anahesabu kabla ya makato, ninyi mnahesabu baada yake. Ongezeni mstari kuhusu picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia mtumbuizaji, si mtunzi peke yake; kurekodiwa kwa habari za siku hiyo ni jambo moja, na kutumika kwenye tangazo la hoteli mwaka mzima ni jambo jingine lenye bei yake. Sajilini kikundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, maana asiyesajiliwa huambiwa mapema kwamba hawezi kuandikiwa mkataba.

Mkijibiwa barua, ombeni jambo moja zaidi: kutembea uwanjani na mchoraji wa ramani, saa moja tu, wakati wa maji kujaa ya bamvua, mkiwa na mvuvi mmoja na mtu wa msikiti wa karibu. Wa mwisho huyu ni muhimu. Spika zikielekezwa msikitini, tamasha zima hukwama kwenye adhana ya magharibi, na lawama huwaangukia wenyeji mliokaa kwenye kikao. Vigingi vikishapigwa chini mbele ya macho yenu, pigeni picha kwa simu. Ramani hubadilika usiku. Picha yenye tarehe hurahisisha mazungumzo ya asubuhi.

Sasa, je, msusie? Kususia kuna maana pale tu ambapo kutokuwepo kwenu kunamgharimu mtu, na pale ambapo hana tena muda wa kutafuta mbadala lakini bado anao muda wa kuwakubalia. Kwa ngoma ya wenyeji iliyokwisha kuchapishwa kwenye mabango, muda huo ni kama wiki mbili kabla. Kwa chakula haupo kabisa: siku hiyohiyo vibanda vyenu vitajazwa na wauzaji kutoka nje, na mwaka unaofuata watakuwa wameshaizoea njia. Kwa hiyo mkilazimika, zuieni ngoma, msizuie chakula, na toeni taarifa kwa maandishi siku 14 kabla mkieleza kipengele kilichovunjwa. Msitishie jambo msiloweza kulitekeleza. Na msimkabidhi mgombea yeyote madai hayo wakati wa kampeni. Mwandaaji atayasoma kama siasa na ofisi zote zitanyamaza.

Onyo la pesa: anayewazidi nguvu naye anaweza kuanguka. Sauti za Busara ya Zanzibar, tamasha lenye jina duniani tangu 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Msikope kununua mchele na mkaa kwa tangazo la redio tu. Subirini uthibitisho wa maandishi, na ada ya kibanda ilipeni kwa mkataba unaosema irudishwe ndani ya siku 7 tamasha likiahirishwa. Fedha ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ni mkopo unaorudishwa. Tamasha lisipofanyika, rejesho linabaki palepale.

Wakati mzuri kuliko wote wa kuzungumza ni ule ambao hakuna anayeutumia: siku 14 za kwanza baada ya tamasha. Mfadhili kwa kawaida hajatoa fungu la mwisho, ripoti haijaandikwa, na mwandaaji anahitaji maelezo na picha kutoka kwenu. Pelekeni ukurasa mmoja wenye namba: sahani ngapi ziliuzwa katika kila kibanda, saa gani geti lilijaa, nani hajalipwa na kiasi gani. Ombeni kikao cha tathmini, na kwenye kikao hicho ombeni tarehe ya mwakani, huku BMU wakiwa wamekuja na kalenda ya bamvua mkononi.